Unakimbia kila alfajiri na kilo zinapanda: mwongozo kamili wa kuishika njaa ya mbio

Hii naiandika manake nimechoka kujibu mtu mmoja mmoja. Haupiti mwezi bila mtu kunisimamisha pale barabara ya Casuarina hapa Malindi, jasho linamtiririka, ananambia kaka mimi wiki ya sita hii nakimbia, siku nne kwa wiki, na nimeongezeka kilo mbili, nimerogwa ama vipi?

Hujarogwa. Njaa ya mbio inachelewa kufika, hilo ndo jambo lenyewe. Ukimaliza kukimbia huisikii, unaringa, unakunywa chai ya kubahatisha, mchana unajipitisha na kitu kidogo ukijiona shujaa, halafu saa 10 jioni inakukuta huna kitu nyumbani na huko nje karai ishapata moto. Kwahivo kazi yetu hapa ni kukitoa chakula jioni tukirudishe asubuhi na mchana, kabla njaa haijafika.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Mzani wa kusimama. Wa bei rahisi sawa, bora uwe ni huohuo kila siku na uwekwe kwa sakafu ngumu, sio juu ya mkeka.
- Tepu ya fundi cherehani, ya kupima kiuno.
- Daftari na kalamu. Simu pia inafaa lakini simu utaifungua uandike chakula ujikute unaangalia video za watu wengine wakila.
- Kijiko cha mezani, kikombe kimoja, na upawa mmoja ambao hutaubadilisha. Hivi ndo vipimo vyako, huna haja ya mzani wa jikoni.
- Chupa ya maji ya lita 1.
- Chakula kikiwa ndani ya nyumba tayari: mayai, pojo (ndengu) au kunde, samaki wowote uliopata kwa bei nzuri, maziwa lala, viazi na muhogo, matango, nyanya, mchicha, mabenda, matunda ya msimu. Pojo chemsha sufuria nzima ya siku mbili tatu uweke kwa friji. Huna friji chemsha za siku hiyo tu, kwa joto letu hazilali.

Bila pojo zilizochemshwa kabla usianze kubadilisha chakula, sikutanii.

Hatua ya 1: Wiki moja usibadilishe kitu, andika tu

Kula unavyokula, kimbia unavyokimbia, lakini kila kitu kinachoingia mdomoni kiandike na saa yake. Pembeni andika njaa yako kwa namba, 1 umeshiba kabisa, 10 ungekula hata sahani.

Watu wanairuka hii hatua kwasababu haina jasho, na ndo hao wanarudi kunisimamisha tena. Njaa haimfikii kila mtu saa ileile. Mwengine ni saa 4 asubuhi, wengi ni kati ya saa 10 jioni na saa 2 usiku, na kuna wale ambao mbio ndefu ya Jumapili inawafikia Jumatatu, hawa ndo wanaosema "leo sijakimbia mbona nina njaa hivi". Usipoijua saa yako utakuwa unaweka ulinzi mlango wa mbele na mwizi anaingilia uani.

Andika pia vile vinavyopita bila kuhesabiwa. Bajia mbili ukisubiri chenji. Kipande cha halua na kahawa tungu. Chakula cha mtoto alichobakisha.

Utajua imefaulu ukiweza kusema bila kuangalia daftari: "mimi njaa yangu ni saa fulani".

Hatua ya 2: Jua mbio zako zina thamani gani

Hesabu ni rahisi: uzito wako kwa kilo, zidisha na kilomita ulizokimbia, unapata kalori kwa kukadiria. Mtu wa kilo 75 akikimbia kilomita 5 ametumia kama kalori 375. Na hapo ndani kuna zile ambazo angezitumia hata akiwa amelala kitandani, kwahivo faida yenyewe ni kidogo zaidi ya hapo.

Sasa weka pembeni chai ya kawaida ya mkahawani. Hamri moja la kiasi ni kama kalori 200, likiwa kubwa au limenyonya mafuta linazidi. Matatu ni 600. Sukari, kijiko kidogo cha chai ni kama gramu 4, kalori 16, na wewe unatia vitatu kwa kikombe na vikombe ni viwili. Mbaazi za nazi hata sijazigusa. Mbio za nusu saa zimelipwa na zimerudishiwa chenji.

Sisemi mahamri ni haramu, mimi mwenyewe Ijumaa nala mawili na mbaazi zangu na sijifichi. Nasema uyajue bei yake. Ukijua kwamba kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ni kalori 120, utaanza kuangalia karai kwa jicho jengine.

Tahadhari: namba ya kalori inayokuja kwa simu au saa ya mkononi usiile. Mara nyingi inakuwa juu, na hata ikiwa sawa haimaanishi ni ruhusa ya kuila yote. Shabaha yako ni upungufu wa kalori 300 hadi 500 kwa siku, basi. Ukijinyima zaidi ya hapo na huku unakimbia, njaa itakuja na ndugu zake.

Hatua ya 3: Maji kabla ya kitu chengine

Alfajiri ya Malindi wakati wa kaskazi ni joto na unyevu, jasho halikauki, linadondoka tu. Mtu anaweza kupoteza lita nzima kwa saa moja, na akirudi nyumbani uchovu, kichwa kizito na kinywa kikavu vyote anaviita njaa.

Jipime kabla ya kutoka na ukirudi, umevua nguo zilizoloa. Tofauti ya kilo moja ni kama lita moja ya maji. Yarudishe taratibu kwa saa mbili tatu zinazofuata, usiyagugumie yote kwa pumzi moja, maji mengi kupita kiasi kwa haraka nayo yana hatari yake. Chumvi utaipata kwa chakula.

Na hiyo kilo iliyopotea sio mafuta, tafadhali, nishaona mtu anampigia mkewe simu kwa furaha.

Dafu linafaa, lina sukari kidogo. Soda ya nusu lita ina gramu zaidi ya 50 za sukari, yani vijiko vidogo zaidi ya 12, na tumbo halisikii kwamba limeingiza kitu. Maji ya miwa nayo ni hivohivo, hata yakiwa na ndimu na tangawizi.

Hatua ya 4: Chai ya asubuhi ndani ya saa moja, hata kama huna njaa

Hapa ndo wengi wanaponiuliza: sasa kama sina njaa nile kwanini, si ndo nipungue? Mbio, hasa za kasi, zinazima hamu ya kula kwa muda. Kuna homoni ya njaa inayotoka tumboni, inashuka ukikimbia kwa nguvu, halafu inarudi. Kile kimya unachokisikia saa 1 asubuhi sio kushiba. Ukikitumia kimya hicho kuruka chakula, deni unalipa jioni na riba.

Kitu muhimu kwa mlo huu ni protini, gramu 25 hadi 30. Kati ya vyakula vyote protini ndo inashibisha kwa muda mrefu, na inalinda misuli isipungue pamoja na mafuta. Kwa macho ya jikoni:

- Mayai 3 ni kama gramu 18, na kikombe cha pojo zilizochemshwa ni kama 14. Hapo ushafika.
- Au kipande cha samaki kinachojaa kiganja, cha jana usiku hakina ubaya kama kilihifadhiwa vizuri, na viazi viwili vya kuchemsha.
- Au mbaazi kikombe kizima na mayai matatu, lakini mbaazi upike kwa tui la pili. Tui la kwanza liweke la wageni.

Siku nzima lenga gramu 1.2 hadi 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili wako. Kilo 75 ni kama 90 hadi 120. Ikisambazwa kwa milo mitatu sio mlima. Mwenye matatizo ya figo aongee na daktari kwanza kuhusu hii.

Mkate mweupe na chai ya maziwa ya sukari peke yake, hapana. Saa 4 utakuwa unatafuta.

Mbio yako ikipita saa moja, kula ndizi moja au tende tatu kabla ya kutoka. Chini ya hapo wengi wanaenda tumbo tupu bila shida.

Ukipatia hatua hii, saa 4 asubuhi inapita hujaikumbuka.

Hatua ya 5: Mchana haurukwi

Sahani igawe kwa macho: nusu ni mboga, kachumbari, mchicha, mabenda, biringani, chochote cha shamba. Robo ni samaki, kuku au kunde. Robo ni wali au ugali, upawa mmoja mkubwa. Wali wa nazi ni ruhusa lakini siku ya wali wa nazi samaki awe wa kuchoma au wa mchuzi wa ndimu, usitie nazi juu ya nazi halafu ukaanga juu yake.

Anza na mboga, kula polepole. Tumbo linachukua kama dakika 20 kupeleka habari kichwani kwamba limepokea, na sisi watu wa Pwani kwa pilau tunamaliza kwa dakika saba.

Angalia pia unakaaje mchana. Unakimbia kilomita 8 alfajiri, halafu siku nzima umejilaza na kwenda dukani hatua 300 unaita tuktuk kwasababu "leo nishafanya mazoezi". Mwili unafanya hivi wenyewe bila kukuomba ruhusa, unabana matumizi. Tembea.

Hatua ya 6: Saa 10 jioni, hapa ndo vita

Ukisoma hatua moja tu soma hii.

Saa 10 mpaka magharibi ni wakati mbaya kwa mkimbiaji anayetaka kupungua, na kwetu ni mbaya mara mbili. Jua limepoa, watu wametoka, kila kona kuna mama na karai lake, viazi vinaelea kwa rangi ile ya manjano, ukwaju uko kwa kopo, mishkaki inafuka moshi, na upande wa watalii kuna duka la aiskrimu ya Kitaliano na pitsa. Wewe tumboni una deni la kilomita 6.

Chukua kiazi chenyewe kama mfano. Kiazi cha kuchemsha ni katika vyakula vinavyoshibisha zaidi kwa kalori zake, gramu 150 ni kama kalori 130 tu. Kiazi hichohicho ukikivika unga na kukizamisha kwa mafuta, unga una kalori zake, mafuta yanaingia kwa unga, na ukubwa wake tumboni haujabadilika. Umelipa zaidi kwa shibe ileile. Na hakuna anayekula kimoja.

Fanya hivi:

Kwanza, saa moja kabla ya ile saa yako ya njaa uliyoiandika Hatua ya 1, kula. Usingoje ifike 8 kwa daftari, kula ikiwa 4 au 5. Bakuli la pojo na kachumbari na ndimu, au glasi ya maziwa lala na papai, au yai mbili na kiazi cha kuchemsha na pilipili. Kalori 200 mpaka 300. Hiki sio kitafunio cha ziada, kiko ndani ya hesabu ya siku, ndo maana jioni sahani itakuwa ndogo.

Pili, baraza unaenda baada ya kula, sio kabla. Mtu aliyeshiba anaweza kukaa pembeni ya karai akapiga soga. Mtu mwenye njaa hata dini inamshinda, mimi niliwahi kula viazi karai tisa huku namueleza rafiki yangu ubaya wa mafuta, na alikuwa anavihesabu.

Tatu, chagua siku mbili kwa wiki ambazo utakula cha barabarani, na uchague kabla. Jumatano na Jumamosi kwa mfano. Viazi vitatu, mshikaki miwili, umemaliza. Kujinyima kabisa kwa mji kama huu utavunja wiki ya pili, na ukivunja utavunja sahani nzima.

Tahadhari: karanga ni nzuri lakini mkono mmoja mdogo ushafika kalori 170 au zaidi. Usikae na pakiti. Mimina kiganjani, pakiti irudi kabatini.

Dalili kwamba inafanya kazi ni ndogo tu: unapita mbele ya karai, unasikia harufu, unasema ni tamu, na miguu inaendelea.

Hatua ya 7: Usiku

Kula mapema, kidogo kuliko mchana, mpangilio uleule wa sahani. Halafu lala. Huwezi kuamka na adhana ya alfajiri ukimbie kama ulilala saa 7 usiku. Ukipungukiwa usingizi hamu inapanda siku ya pili, na haitaki mchicha, inataka ngano na sukari. Masaa 7 ya kulala ni kiwango cha chini. Ukishindwa kulala, bora uruke mbio kuliko kuruka usingizi.

Hatua ya 8: Panga mbio zenyewe

Wengi wanaanza kwa fujo, siku sita, kila siku mpaka pumzi ikatike. Kwa njaa hiyo ni kujitafutia.

Mbio tatu kwa wiki zinatosha kuanza, na mbili kati ya hizo ziwe polepole kiasi cha kuweza kuongea sentensi nzima. Ongeza umbali kidogo kidogo. Siku mbili nyengine fanya mazoezi ya nguvu nyumbani, kuchuchumaa, kupiga pushapu, kubeba mtungi, yanasaidia misuli ibaki na hayaleti njaa kali kama mbio ndefu.

Mbio ndefu iweke siku ambayo unaweza kula vizuri baadaye, sio siku ya safari ya Mombasa. Siku hiyo ongeza chakula, ndio, ongeza, kama nusu ya ulichokimbia: kilomita 12 kwa mtu wa kilo 75 ni 900, rudisha kama 450, kwa wali na samaki, sio kwa soda. Ukijifanya hukukimbia Jumatatu itakukumbusha.

Ukikimbia ufukweni ngoja maji yakipwa ushike ule mchanga mgumu uliolowa. Mchanga mlaini unakula nguvu nyingi zaidi, na mtu anayeanza anaumia kifundo na anarudi na njaa ya kilomita alizokuwa hajazipanga.

Hatua ya 9: Pima bila kujitesa

Panda mzani kila asubuhi baada ya choo, kabla ya maji. Andika. Usiiamini namba ya siku moja, chukua wastani wa siku saba ulinganishe na wa wiki iliyopita. Biriani ya harusini inaweza kukupandisha kilo moja na nusu kwa usiku mmoja na karibu yote ni maji na chumvi. Kinamama kabla ya siku zao mzani unapanda wenyewe, linganisheni na wiki kama hiyo ya mwezi uliopita.

Mtu anayeanza kukimbia misuli inahifadhi maji, kwahivo wiki mbili za mwanzo mzani unaweza kugoma wakati kiuno kinapungua. Tepu iko kwa sababu hiyo.

Nusu kilo kwa wiki ni kazi nzuri sana. Ukiona wiki tatu wastani haujasogea na kiuno hakijasogea, rudi Hatua ya 1, andika tena siku saba. Mara tisa kwa kumi utakuta ni mafuta ya kupikia na chai.

Ramadhani

Kimbia kama nusu saa kabla ya magharibi, polepole, au baada ya tarawehe. Futari ianze na tende na maji, halafu samaki au supu, kaimati zije mwisho na zihesabike. Daku usiliruke hata siku moja, na liwe na mayai au kunde, sio uji wa sukari peke yake.

Wanaotakiwa kusimama kwanza

Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge asianze bila kuongea na daktari, sukari inaweza kushuka katikati ya mbio. Mjamzito na anayenyonyesha, huu sio wakati wa kupunguza. Aliyewahi kuwa na tabia ya kula na kujitapisha au kujinyima mpaka kuumwa, aachane na daftari la kalori.

Mwanamke ambaye siku zake zimepotea tangu aanze kukimbia na kupunguza chakula, hiyo ni dalili anakula kidogo kupita kiasi, ongeza chakula, punguza mbio, umuone daktari. Na ukiwa na njaa isiyoisha pamoja na kiu kali, kukojoa sana na kilo zinashuka zenyewe, usiseme ni mbio. Nenda kapime sukari.

Siku ukianguka

Itafika. Harusi, msiba, mgeni kutoka Mambrui kaja na mkate wa sinia. Umekula mpaka umelala upande. Kesho yake usikimbie kilomita 15 kulipa, na usifunge kula kujiadhibu, zote mbili zinakurudisha saa 10 jioni na njaa ya 9. Kesho kunywa maji, kimbia kama ratiba ilivyosema au pumzika kama ilisema pumzika, na chai ya asubuhi ni ileile, mayai matatu na pojo.